Maji ya Kuanzisha

Mwezi uliopita, kwenye benchi la hospitali Kigali, mama mmoja mgeni aliniuliza kwa ishara kama nami niliungua koo, nikamjibu kwa sauti. Alishtuka. Alidhani sisi wote tunaokaa upande ule tumekuwa mabubu. Basi kama koo lako limefungwa na umepewa haya usome, au unamuuguza mtu wa namna hiyo, jua kwanza kwamba sauti hurudi. Yangu imerudi na mikwaruzo. Binti yangu Rehema anasema nimekuwa na sauti ya mzee aliyevuta kiko tangu utoto, lakini ni yangu na inatosha kugombana. Nitakueleza nilivyofika kwenye benchi lile, wala sitajipamba. Kuna jambo nililifanya baada ya kuungua ambalo ni baya kuliko kuungua, nalo nitaliandika.

Naitwa Zaina, fundi cherehani wa Gisenyi, mji wa Rwanda mpakani na Kongo. Mume wangu Idrisa ni fundi pia, na chumba chetu cha kazi ni kimoja, kinachoangalia barabara. Nilisomea Kigoma utotoni, ndiyo sababu naandika Kiswahili hiki. Nyumbani tunaongea cha kwetu, chenye Kifaransa na Kinyarwanda ndani yake, na watu wangu nitawaacha waongee walivyoongea.

Kwa miaka sita tumbo lilinipiga. Sisemi liliuma. Lilinipiga, ngumi ya chini ya kifua, hasa kabla ya kula na hasa nikiwa na hasira, nami ni mtu wa hasira. Nilimeza vidonge vya rangi zote, nusu nusu, nikiviacha kila nilipopata nafuu. Ndipo Idrisa alipoona kwenye simu mtu akitengeneza maji ya fedha na kusema yanaponya kila kitu kuanzia kidonda hadi mafua. Alichukua bangili mbili za fedha alizoachiwa na mama yake, akampelekea mfua vito wa Goma, akarudi na nyaya mbili nyeupe zilizonyooka. Unazining'iniza ndani ya maji, unaziunganisha na betri tatu ndogo za mraba, unangoja. Majirani walicheka sana, maana huku kwetu feza ni madini na feza ni pesa. "Mama Rehema anakunywa feza ya bwana yake," walisema, na mimi nilicheka nao.

Lakini kazi yenyewe haikuwa nyaya. Kazi ilikuwa chombo. Idrisa ni mtu wa usafi mpaka anaudhi, na pale alipata dini ya pili. Plastiki hakuitaka kabisa, bati wala sufuria usimtajie. Alizunguka kwa wauza chupa za zamani akiinua kila moja juani, akiigonga kwa ukucha asikilize, akiinusa na macho kayafumba.

"Chupa ya pilipili haiachake harufu, hata uioshe mupaka mwaka kesho," aliniambia. "Na hii ya mayonnaise iko na mupira mu kifuniko. Mupira inakunywaka kila kitu."

Alichagua za kahawa zenye vifuniko vya kioo, na chupa mbili nene za kuhifadhia maji. Kisha kuosha. Kwetu Waislamu chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuna mbwa aliyewahi kutia pua nyumbani kwetu, ila Idrisa aliamua kwamba kinachotosha kwa mbwa kinatosha kwa uchafu wowote. Udongo laini kwanza, si mchanga wetu mweusi wa volkano, kwa sababu unakwaruza kioo. Halafu maji ya moto mara sita. Sabuni hapana, chumvi hapana, majivu hapana. Usifute kwa kitambaa, nyuzi zitabaki. Usiguse ndani kwa mkono, mafuta ya ngozi yataharibu. Chupa ilipinduliwa kwenye vijiti vya mbao ikauke yenyewe, na mtu asipite karibu akikohoa.

Maji yake yalikuwa yale yasiyo na kitu ndani, ambayo wenye magari huongeza kwenye betri. Idrisa aliyanunua duka la dawa ng'ambo ya mpaka, Goma, yakiwa yamefungwa. Sisi tuliyaita maji ya batiri, basi.

Niliyanywa mwaka mzima. Tumbo liliendelea kunipiga. Kilichobadilika ni fizi na kucha, zikaingia rangi ya majivu, na Idrisa akasema ni dawa inatoka. Nilimwamini kwa sababu nilipenda kuamini, na kwa sababu ni vigumu kumkatalia mwanaume anayekuoshea glasi mara saba.

Kisha ng'ambo kukaanza kupigwa. Mizinga ilitikisa vioo vya madirisha yetu, watu wa Cyanzarwe, vijijini kando ya mpaka, walishuka mjini na magodoro kichwani, na mpaka wa Goma ukafungwa. Tulilala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Tumbo langu likachagua siku hizo hizo kunivunja. Chupa ya akiba niliimaliza peke yangu bila kumwambia Idrisa, kwa kuwa angenikaripia kwa kunywa kupita kipimo. Nikaiosha vizuri sana, mara saba, udongo kwanza, nikaipindua kwenye kijiti. Adhuhuri moja, Goma hakufikiki na yeye akiwa kwa mteja kuchukua vipimo, nilikwenda mwenyewe kwa fundi wa betri nyuma ya kituo cha magari.

Alikuwa mtu mzima, aproni ya ngozi imeliwa vitundu vitundu.

"Nataka maji ya batiri. Litre moja."

"Ya kuongeza ao ya kuanzisha, mama?"

Soma hapo tena, maana ndipo nilipojiua. Yeye aliuliza kama nina betri inayofanya kazi inayohitaji maji ya kuongeza, au betri mpya kavu inayohitaji asidi ya kuanzishia. Mimi nilisikia swali langu: naendelea na chupa ya zamani, au naanza nyingine? Akiba ilikuwa imekwisha na chombo kilikuwa kimeoshwa upya. Nilikuwa naanzisha.

"Ya kuanzisha," nikasema.

"Batiri iko mupya?"

"Kila kitu iko mupya."

Akashika chupa ya plastiki ya manjano, imechorwa fuvu jekundu ubavuni. Nikaweka mkono mbele. "Plastiki sitaki. Uniwekee mu hii ya kioo."

Aliipokea chupa yangu, akaiinua juani kama Idrisa. "Iko safi sana hii. Batiri yako ni ya ministre?" Tukacheka, eti betri ya waziri. Akamimina taratibu, kwa mrija, bila kumwaga tone. Aliponirudishia alisema, "Na usiguse na mukono."

"Najua," nikamjibu.

Nilijua kweli. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mwaka mzima. Simlaumu yule fundi, na nilimtumia salamu baadaye nikamwambia hivyo. Alinipa alama ya hatari mkononi, mimi nikaikataa kwa sababu ilikuwa imechorwa kwenye plastiki.

Nyumbani nilitia nyaya. Kwa Idrisa ilikuwa ni kungoja saa mbili huoni kitu. Kwangu yalichemka papo hapo, mapovu kila upande, na waya mmoja ukawa mweusi. Nilifurahi. Nilisema leo nimepata dawa yenyewe, wakati wote huu mwanaume huyu alikuwa ananinywesha maji matupu. Nikamimina glasi, nikanywa kwa desturi yangu, funda moja kubwa bila kupumua.

Sikumbuki ladha. Nakumbuka kupigwa ndani. Mdomo ulifunguka wenyewe, yaliyobaki mdomoni yakarukia kifuani na blauzi ikatoboka nikiiangalia. Nilipiga kelele mara moja, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho kutoka kwangu kwa muda mrefu. Jirani yangu Mama Asia aliingia mbio, akaona povu la damu, akafanya alichofanya mama yake na bibi yake: akanishika kichwa, akanitia mafuta ya mawese kooni ili nitapike. Nikatapika. Kilichoniunguza kikishuka kiliniunguza tena kikipanda, na vilitoka vipande ambavyo sikutaka kuvijua.

Kama umefungua ukurasa huu kwa haraka na mtu yuko chini mbele yako, acha kusoma baada ya sentensi hizi. Usimtapishe. Msuuze mdomo kwa maji, ateme. Usimlazimishe kumeza chochote, beba chupa aliyonywea ikiwa wima, na mkimbize hospitali.

Kaka yangu mkubwa, Hamimu, dereva wa lori, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiye aliyenibeba. Idrisa alikuja anakimbia na futi ya kupimia ingali shingoni, akachukua chupa na glasi, akazifunga kwenye taulo. Hata wakati ule alizishika kwa nje.

Waliniweka hospitali ya mjini kwetu usiku mmoja, asubuhi nikapelekwa Kigali kwa ambulansi. Barabara ile ina kona, wewe unaijua au utaijua. Kila kona ilinichana. Nilisikia kila neno katika siku hizo za kwanza. Watu hudhani asiyeweza kusema hasikii, kwa hiyo wanaongea juu ya kichwa chako kama uko sokoni. Nyuma ya pazia nilimsikia Idrisa akimwambia daktari kwamba kosa ni chupa, kwamba aliinunua kwa muuza chupa anayezungukia magereji, kwamba lazima asidi ilibaki ndani na yeye hakuosha vizuri. Alidhani nilikunywa ile akiba yake. Daktari alijibu kwa Kinyarwanda, bila ukali, kwamba mabaki hayaunguzi hivi. Ile ilikuwa asidi yenyewe, chupa nzima. Mtu aliimimina.

Hamimu alikuwa amesimama pale. Nilisikia viatu vyake vikiondoka.

Aliyenisimulia kilichofuata ni Rehema, ana miaka kumi na saba na alikuwepo. Idrisa alirudi Gisenyi siku tatu baadaye kuchukua nguo zangu. Alikuwa chumba cha kazi anazikunja, pasi ya mkaa imewashwa kwa ajili ya gauni la harusi la mteja. Hamimu aliingia akafunga mlango.

"Ulimuwekea nini?"

"Ni chupa, shemeji. Sikuiosha muzuri."

"Dokta anasema mutu alimwanga asidi mu chupa. Ni nani?"

"Sijui. Ni mi nilinunua chupa. Ni mi."

Hamimu akaukamata mkono wa kulia wa mume wangu, akaulaza juu ya meza ya kukatia, akainyanyua pasi. Alipiga mara tatu. Kifuniko kilifunguka kwenye pigo la pili na makaa yakaruka kwenye lile gauni jeupe.

"Baba hakulia, Mama," Rehema aliniambia. "Alikuwa anaangalia makaa mu kitambaa. Alisema, Rehema, toa makaa."

Vidole vitatu vilivunjika. Kesho yake watu wa mtaa, wale wale walionitania kuhusu feza, waliingia uani wakavunja chupa zake zote kwenye jiwe la kufulia. Alizoa vioo kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyekwenda polisi, kila mtu akisema mambo ya familia yamalizwe na familia, na Hamimu akitembea akiapa kwamba nikifa Idrisa atalala ziwani.

Idrisa alipokuja Kigali mkono wake ulikuwa ndani ya plasta. Muuguzi mmoja, msichana mwenye mwanya aliyezoea kuniambia *ihangane*, vumilia, kwa kila jambo, alikuwa amenipa daftari na kalamu. Nilikuwa nimeshaandika mengi humo. Funga dirisha. Mto. Rehema amekula? Idrisa alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaongea akiangalia sakafu.

"Niliisugua mara saba, Mama Rehema. Kama ningeongeza ya nane. Mi najiuliza tu, kwa nini sikuongeza ya nane."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Daftari lilikuwa kifuani. Nikaandika: Mkono unauma?

"Kidogo," akasema.

Hilo ndilo jambo baya. Ningeweza kukwambia nilikuwa na dawa za usingizi kichwani, na ni kweli kidogo. Lakini nilijua. Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu, mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote mtaani, kujulikana kuwa nimenunua asidi na kuinywa kwa furaha. Baadaye nilimwogopa Hamimu. Na chini kabisa kulikuwa na kitu kingine nitakachokisema kwa kuwa wewe mgonjwa utakikuta ndani yako: nilimchukia Idrisa. Nilimchukia kwa kuwa mzima. Nilimchukia kwa kumeza mate yake mbele yangu bila kufikiri. Mkono wake ulipovunjwa sehemu fulani yangu ilisema, basi, tuko wawili.

Mvua za masika zilianza nikiwa na mpira tumboni. Walinitoboa chini ya mbavu wakapitisha mrija, na chakula changu kikawa uji mwembamba ambao Rehema aliumimina kwa bomba la sindano, taratibu, akiimba puani. Tumbo linashiba huku mdomo una njaa, na njaa ya mdomo ni mbaya sana. Niliota nauma kitu kigumu. Mara mbili nilipunguza magauni yangu, mara ya tatu nikaacha, nikajifunga kanga. Nywele za mbele zilitoka kwenye kitana. Mate niliyatema kwenye kopo kwa kuwa hayakuwa na pa kupita, na nilijifunza kutofautisha watu kwa namna walivyoliangalia lile kopo.

Kisha kukaanza kupanuliwa. Kovu la asidi linakaza koo mpaka linabaki tundu la uzi, na madaktari wanalisukuma lifunguke. Mwanzoni kila baada ya wiki tatu, baadaye kwa nafasi zaidi, tulipanda basi alfajiri, mimi na Rehema. Nitakuambia ukweli kuhusu kupanuliwa: mara ya kwanza nilimpiga teke daktari. Wanakupa dawa, lakini mwili unajua unachofanyiwa na unapigana. Ukiamka kifua kimejaa ngumi na unatema damu nyepesi. Halafu, baada ya mara ya pili, yule muuguzi mwenye mwanya alinipa kijiko cha maji. Yalishuka. Nilikaa nikiyasikiliza yakishuka, nikalia, naye akalia, akasema *ihangane*, nikataka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja.

Sauti ilirudi baada ya mara ya tatu, mnong'ono wenye mchanga. Sasa sikuwa na kisingizio hata cha kalamu. Idrisa alikuwa amehamia Nyamyumba kwa rafiki yake. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa. Plasta ilitolewa na vidole vikabaki vimekunjwa, havishiki sindano. Kila Ijumaa alikuja kumpa Rehema chochote alichopata, akisimama mlangoni, akiuliza habari yangu kama mgeni, na bado alisema ni chupa. Daktari amesema hapana, Hamimu amesema hapana, dunia nzima imesema hapana, yeye anasema chupa. Alikuwa hana mahali pengine pa kuiweka ile asidi isipokuwa kwenye mikono yake mwenyewe.

Kiangazi kilipoingia, baada ya kupanuliwa mara ya nne, Hamimu aliita kikao. Alichagua chumba chetu cha kazi. Alikuwepo yeye, shangazi yetu Mwajuma aliyetulea, Idrisa na mimi. Rehema tulimtuma nje, akasimama dirishani akidhani hatumwoni.

"Bon," Hamimu alisema. "Zaina sasa anaongea. Miezi yote hii nilijizuia, shangazi iko shahidi. Leo aseme mbele yake huyu mwanaume alimufanya nini. Akisha sema, talaka itatoka, na mi nitamupeleka kwa polisi na mikono yangu. Kama atafika."

Nilimwangalia Idrisa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa amekuja kuhukumiwa na alikuwa amejiandaa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona ni haki. Hilo lilinivunja. Maumivu yote ya koo hayakunivunja hivyo.

"Ni mi nilienda garage," nikasema.

Ilibidi nirudie, kwa kuwa sauti yangu haifiki mbali. "Akiba yake niliimaliza, nikamuficha. Niliosha chupa, nikaenda mi mwenyewe. Mzee aliniuliza ya kuongeza ao ya kuanzisha. Nikasema ya kuanzisha. Idrisa hakujua kitu."

Shangazi alimwita Mungu wake, "Mana yanjye," kwa sauti ya chini, akafunika mdomo.

"Ulijua lini?" Hamimu akaniuliza.

"Siku ya kwanza."

Alinizaba kofi ambalo lilinirusha kutoka kwenye kiti hadi kwenye mguu wa cherehani. Nilisikia damu mdomoni, ladha niliyoizoea. Idrisa alikuwa ameshasimama katikati yetu, mkono mbovu mbele, na Hamimu akampita bila kumgusa, akaipiga teke cherehani yangu mpaka ikaanguka na gurudumu likavunjika, akapiga ukuta ngumi, mara ya pili, mara ya tatu, chokaa ikamwagika. Kisha akasimama akihema. Alitazama huku na huku, akaiona pasi kwenye rafu. Akaichukua, akaiweka mezani mbele ya Idrisa, na kando yake akaulaza mkono wake wa kulia, vidole vimetawanywa.

"Vunja, shemeji," akasema. "Mi ni dereva. Unajua naishi na hii mukono. Vunja, tutoke hapa."

Hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Idrisa aliishika pasi kwa mkono wa kushoto, akainyanyua. Nilitaka kupiga kelele, kikatoka kikohozi. Aliipima uzito, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, akairudisha kwenye rafu mahali pake.

"Toa mukono, Hamimu," alisema. "We ulinipiga siku moja."

Kisha akatoka. Hakuniangalia, na kila aliyekuwa ndani alielewa hesabu ya zile siku nyingine zote alizoumia ilikuwa ya nani.

Hakurudi kiangazi chote. Hamimu ndiye aliyemfuata Nyamyumba, si mara moja, akakaa naye kwenye mawe karibu na chemchemi ya maji ya moto, mahali watu wanachovya viungo vinavyouma. Sijui waliongea nini. Najua kwamba sasa Hamimu humpeleka kliniki kila wiki kunyooshwa vidole, na hugombana na kila atakayetaja habari ile. Mvua za vuli zilipoanza Idrisa alirudi nyumbani, kwa ajili ya Rehema, alisema, na analala chumba cha kazi. Anakata kwa mkono wa kushoto, mimi nashona. Tunaongea kuhusu vifungo na mikunjo. Chupa hatuna hata moja. Waya mmoja mweusi na mmoja mweupe zimo kwenye kopo la sindano, hakuna anayezigusa.

Tumbo langu lilipona pia, kama unataka kujua. Daktari alinipima, akanipa vidonge vya wiki mbili, nikavimeza vyote safari hii kwa kuvisaga. Wiki mbili. Nilimwambia Idrisa, akatikisa kichwa, akaendelea kukata. Fizi bado zina rangi ya majivu, na wanasema haitoki.

Kwako wewe uliyefungwa koo: mpira unatolewa, nilitolewa wa kwangu mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha. Kovu linalia kwenye baridi. Utakula laini kwa muda mrefu na utamchukia kila anayetafuna, na chuki ile si ugonjwa wa ziada, ni ule ule. Lakini wakikupa kalamu kabla sauti haijarudi, andika kwanza lile ambalo mtu mwingine anaadhibiwa kwa ajili yake. Mto utauomba baadaye.

Wiki iliyopita nilikwenda kupanuliwa mara ya nane. Rehema alikuwa na mtihani, nikapanda basi peke yangu. Karibu na Musanze niligeuka kuangalia mizigo, nikamwona Idrisa kiti cha nyuma kabisa, anatazama dirishani. Nikageuka tena mbele. Hospitalini alikaa mwisho wa ukumbi, mabenchi manne nyuma yangu. Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza, na sina haki ya kuharakisha jibu.

Muuguzi mpya alitoka na faili langu, akaita jina. Nilisimama. Hawakuingizi bila mtu wa kukupokea ukitoka, ni sheria yao, na mimi nilianza kutunga uongo kwamba ndugu yangu yuko njiani.

"Nani amekuja na huyu?" muuguzi akauliza ukumbi mzima.

Nyuma yangu benchi lililia. Niligeuka. Idrisa alikuwa amesimama, amenyanyua mkono wa kulia, na vidole vyake vitatu havikunyooka.